Pipa Moja, Lebo Mbili: Hotuba kwa Watunza Stoo, Wasafirishaji na Maofisa Usalama

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu watunza stoo, madereva, wapakiaji na maofisa usalama, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni uhusiano kati ya uainishaji wa hatari za kemikali mahali pa kazi na uainishaji wake katika usafirishaji. Najua ukiisoma hivyo kwenye ratiba unapiga miayo kabla msemaji hajasimama. Kwa hiyo naomba niende moja kwa moja kwenye pipa.

Pipa lenyewe ni la chuma, la lita mia mbili na ushee. Ndani mna MDI, aina ya isosayaneti inayochanganywa na kimiminika kingine ili kupata povu gumu la kuhami joto, lile linalojazwa kwenye kuta za majokofu na vyumba vya baridi. Msafirishaji anachukua karatasi ya taarifa za usalama, anafungua sehemu ya 14 inayohusu usafirishaji, anakuta kwamba bidhaa hii haidhibitiwi. Haina namba ya UN, ile namba ya tarakimu nne inayotambulisha bidhaa hatari, haina daraja, na lori halihitaji bango lolote ubavuni. Mpokeaji kiwandani anachukua karatasi hiyo hiyo, anafungua sehemu ya 2. Huko anakuta neno "Hatari", mchoro wa kiwiliwili cha mtu chenye nyota kifuani, na maelezo kwamba mvuke au ukungu wake ukivutwa unaweza kuleta pumu, kwamba inashukiwa kusababisha saratani, na kwamba huharibu njia ya hewa mtu akiivuta kwa muda mrefu au mara kwa mara.

Karatasi ni moja, aliyeiandika ni mmoja, na hakuna mahali alipodanganya.

Nikiulizwa ni jambo gani moja nataka mtoke nalo humu ndani, ni hili la pipa la MDI. Kanuni za usafirishaji zinauliza: chombo hiki kikipasuka leo, nani ataumia leo, na gari, meli au ndege itapatwa na nini? Kanuni za kazini zinauliza hayo, kisha zinaongeza: na yule anayelifungua pipa hili kila siku, mwaka baada ya mwaka, atakuwa na hali gani? Vipimo vinavyotumika kujibu kwa kiasi kikubwa ni vile vile. Maswali ndiyo yaliyotofautiana. Mtu asipolijua hilo huona sehemu ya 14 iko tupu, akamwambia mwenzake, "hii haina shida."

Turudi nyuma kidogo. Usafirishaji ulitangulia. Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yake ya kwanza kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari mwaka 1956, na kitabu chake hadi leo kinaitwa kitabu cha chungwa kwa rangi ya jalada. Humo ndimo yalimotoka madaraja tisa mnayoyafahamu: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vioksidishaji na peroksaidi, sumu na vimelea vya magonjwa, mionzi, babuzi, na daraja la tisa ambalo hupokea kila kilichokosa pa kwenda. Kitabu hicho chenyewe si sheria. Sheria ni zile zilizokichota: kanuni za IMDG baharini, maelekezo ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mkataba wa ADR barabarani kwa nchi zilizoridhia, na kanuni za nchi moja moja.

Mahali pa kazi hapakuwa na kitabu cha namna hiyo. Kila nchi ilikuwa na vipimo vyake, na kwenye sumu vurugu lake lilikuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua kemikali ambayo miligramu 250 kwa kila kilo ya uzito wa panya, ikimezwa, huua nusu ya panya wa majaribio. Kwa vipimo vya kazini vya Marekani vya wakati huo, hiyo ilikuwa sumu. Kwa vipimo vya Ulaya ilikuwa imevuka mstari wa sumu, ikaitwa yenye madhara tu, ngazi moja chini. Na kwenye usafirishaji jibu lilitegemea umbo: ikiwa kimiminika, ilikuwa sumu ya daraja 6.1, kwa sababu mpaka wa vimiminika ulikuwa 500. Ikiwa unga, ilisafiri kama mzigo wa kawaida, kwa sababu mpaka wa yabisi ulikuwa 200. Kemikali ile ile na panya wale wale, ila lebo inabadilika kila unapovuka mpaka au kila unapobadilisha kopo.

Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 ndio uliotoa agizo kwamba dunia iwe na mfumo mmoja. Shirika la Kazi Duniani, OECD, ambayo ni jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi zilizoendelea, na kamati ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa waligawana kazi: hatari za kimwili kama moto na mlipuko zikashughulikiwa kwa kuanzia na vipimo vya usafirishaji, ambavyo tayari vilikuwa na miaka mingi ya kutumika, na OECD ikabeba hatari za kiafya na za mazingira. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003: GHS, mfumo wa dunia wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, au kitabu cha zambarau. Tangu hapo vitabu viwili vinalelewa na kamati moja yenye kamati ndogo mbili, na vyote hupitiwa kila baada ya miaka miwili.

Kwa hiyo vinafanana wapi?

Kwenye moto vinafanana karibu kabisa. Kimiminika hupimwa joto lake la kumweka, yaani joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unatosha kushika moto cheche ikipita. Likiwa chini ya nyuzi 23 za Selsiasi na kimiminika kinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini yake, GHS inakiita kategoria ya 1 na usafirishaji unakiweka kundi la ufungashaji I, la hatari kubwa kuliko yote matatu. Likiwa chini ya 23 lakini kinachemka juu ya 35, ni kategoria ya 2 na kundi II. Kuanzia 23 hadi 60 ni kategoria ya 3 na kundi III. Mpaka hapo mtu mmoja mwenye namba mbili anaweza kujaza sehemu zote mbili za karatasi bila kuinua kichwa. Juu ya 60 ndipo wanapoachana: GHS ina kategoria ya 4 inayofika hadi 93, ila usafirishaji kwa kawaida umeshaaga. Dizeli inakaa pale pale mpakani, na ndiyo maana ina masharti yake maalumu. ADR inaihesabu kuwa kimiminika kinachowaka, UN 1202, hata kama joto lake la kumweka liko juu ya 60, mradi lisizidi 100.

Sumu ya papo hapo nayo inaoana vizuri hadi mahali fulani. Kwa kumeza, mipaka ni miligramu 5, 50 na 300 kwa kilo, na ngazi hizo tatu ndizo makundi I, II na III ya daraja 6.1. Fuvu na mifupa viko pande zote mbili. Ila GHS inaendelea: kutoka 300 hadi 2,000 ni kategoria ya 4, ambayo mchoro wake ni alama ya mshangao na maneno yake ni kwamba ina madhara ikimezwa. Njiani kategoria hiyo haipo. Kuna bidhaa nyingi sana zinazokaa humo, na ndizo zinazofika stoo zikiwa kwenye boksi lisilo na almasi hata moja, yaani ile lebo ya usafirishaji yenye umbo la almasi.

Kwenye kuvuta hewa, usafirishaji unaongeza jambo ambalo mimi huliona la busara. GHS inapima ukali wa sumu yenyewe. Kitabu cha chungwa, kwa vimiminika, kinauliza pia vinapaa hewani kwa kasi gani: mvuke wake kwenye nyuzi 20 ukijaa, unazidi mara ngapi kile kiwango kinachoua? Kimiminika chenye sumu kali ambacho hakipandi hewani hakimtishi dereva kama kile kinachogeuka wingu mara kinapomwagika. Kwa hiyo msishangae kategoria ya 1 ya kuvuta hewa isipolingana moja kwa moja na kundi I. Atakayewaletea jedwali la kubadilisha moja kwa lingine bila kuangalia mvuke, mrudishieni.

Na babuzi? Kwenye karatasi yanalingana kama mapacha: kategoria ndogo 1A, 1B na 1C za kuunguza ngozi zimepangwa kwa dakika zile zile za makundi I, II na III, yaani muda wa kugusa unaotosha kuharibu ngozi. Dakika tatu, saa moja, saa nne. Sasa fungua orodha ya bidhaa hatari utafute asidi ya salfa iliyo zaidi ya asilimia 51, UN 1830. Imewekwa kundi II. Fungua orodha ya Umoja wa Ulaya ya lebo: 1A. Soda kali ya yabisi, UN 1823, ni hivyo hivyo: kundi II upande mmoja, 1A upande wa pili. Hakuna aliyekosea hesabu. Orodha ya usafirishaji imejengwa na miongo ya uzoefu wa mapipa halisi, na bidhaa ikishatajwa humo kwa jina, orodha ndiyo inayoshika usukani kwa yale iliyoyaamua. Kanuni ya vipimo inatumika kwa bidhaa ambayo haikutajwa. Maofisa wengi vijana hulikuta jambo hili wanapokagua karatasi, wakamwandikia mtengenezaji barua kali. Kabla ya barua, tazama orodha.

Nimetaja kundi la ufungashaji mara kadhaa, na naomba nikae hapo kidogo kwa sababu ndipo inapoonekana kwamba uainishaji si karatasi tu. Pipa la bidhaa hatari limegongwa muhuri wa herufi na namba. 1A1 ni pipa la chuma lisilofunguka juu. 1H1 ni la plastiki. Baada yake hufuata X, Y au Z. X linaruhusiwa kubeba makundi yote matatu, Y linabeba la II na la III, Z la III peke yake. Na herufi hiyo ilipatikana kwa kuliangusha pipa: mita 1.8 kwa kundi I, mita 1.2 kwa kundi II, sentimita 80 kwa kundi III. Mtu akiketi ofisini akabadilisha II kuwa III ili apate mapipa ya bei nafuu, ameamua kwamba pipa lile linapoteleza kutoka mgongoni mwa lori si lazima lisalimike. Upande wa kazini, kategoria inaamua mambo mengine kabisa: glavu gani, barakoa gani, feni ya kunyonya hewa iwekwe wapi, nani apimwe mapafu na kila baada ya muda gani. Ukichanganya kazi za hizo mbili utapata pipa imara lililozungukwa na watu wasio na barakoa.

Hapo ndipo tunarudi kwa MDI, na kwa kundi zima la hatari ambazo barabara haizioni: saratani, madhara kwa vinasaba, madhara kwa uzazi, mzio wa njia ya hewa, na uharibifu wa viungo unaokuja polepole. Zote hizi kwenye GHS zina ule mchoro wa kiwiliwili chenye nyota. Kwenye usafirishaji peke yake hazikupi daraja. Vumbi la silika linaharibu mapafu ya wachimbaji na wakata mawe na linasababisha saratani, lakini gunia la unga wa kwatzi linapanda lori kama gunia la mchanga. Benzini inasafiri kama kimiminika kinachowaka, UN 1114, daraja la 3, na bango lake ni mwali wa moto kwenye wekundu. Kwamba inasababisha saratani ya damu, bango halisemi hata herufi moja.

Je, ni kasoro? Kuna wenzetu wanaosema barabara nayo ibebe alama ya saratani. Mimi sikubaliani nao. Zimamoto anapofika kwenye lori lililopinduka ana dakika chache, amesimama mbali, upepo unavuma, na anachohitaji ni namba ya tarakimu nne na rangi moja. Anahitaji kujua kama inawaka, inalipuka, inaua ukivuta mara moja, au ikiguswa na maji itafanya nini. Kwenye sahani ya chungwa ya lori, X ikitangulia namba ya hatari inamkataza kupiga maji bila ushauri wa wataalamu. Ukimjazia bango habari za miaka ishirini ijayo, umemfichia hiyo X. Kosa halimo kwenye bango. Kosa linaanza pale mzigo unaposhushwa na mtu akalichukua bango lile kama jibu la mwisho.

Upande wa pili wa sarafu ni mfupi. Usafirishaji nao una vitu vyake ambavyo GHS haivigusi au haivigusi kwa sura ile: vimelea vya magonjwa, mionzi, betri za lithiamu, barafu kavu, vitu vinavyobebwa vikiwa vya moto sana. Betri ya ioni za lithiamu ikiwa mezani kwako ofisini ni kifaa tu. Ikiingia kwenye boksi la ndege ni UN 3480, daraja la 9.

Na kuna bidhaa zinazotufundisha kwamba hata panya hatoshi. Methanoli, UN 1230. Kwa kipimo cha panya peke yake ingepita bila kuitwa sumu, maana panya huistahimili kwa viwango ambavyo binadamu hawezi. Lakini watu wamekuwa wakipofuka na kufa kwa kuinywa kwenye pombe haramu tangu zamani, na mifumo yote miwili inaruhusu ushahidi wa binadamu upite mbele ya panya. Ndiyo maana njiani ina daraja la 3 na hatari ya ziada ya 6.1, na kiwandani ina mwali, fuvu, na kile kiwiliwili chenye nyota kwa sababu ya macho. Angalieni tofauti ndogo hapo: usafirishaji umelazimika kupanga hatari kwa ukubwa, hii ya kwanza, ile ya ziada, kwa sababu lazima ijulikane mzigo ukae wapi melini na ukae mbali na nini. GHS haipangi foleni. Hatari zote zilizothibitika zinaandikwa.

Sasa lebo zenyewe. Almasi ya usafirishaji ina rangi inayojaa, sentimita 10 kila upande kwenye kifurushi na sentimita 25 kwenye gari au kontena. Mchoro wa GHS ni mweusi juu ya weupe ndani ya fremu nyekundu. Pipa moja linaposafiri peke yake hubeba vyote, na GHS imeweka utaratibu: hatari ikishaonyeshwa na almasi ya usafirishaji, mchoro wa GHS wa hatari ile ile usiwekwe tena kwenye kifungashio hicho. Nia ilikuwa kupunguza msongamano. Matokeo yake ni kwamba unaweza kuona pipa la benzini lenye almasi kubwa nyekundu ya moto, na pembeni yake, kwa udogo, kiwiliwili na mshangao bila mwali. Mtu aliyefundishwa michoro ya GHS peke yake atadhani haiwaki. Mfundisheni zote mbili, kwa pamoja, siku moja, akiwa amesimama mbele ya pipa.

Boksi lenye chupa nyingi hufuata njia nyingine. Boksi la nje linabeba lebo ya usafirishaji na linaweza lisiwe na ya GHS kabisa, ila kila chupa ndani inabeba ya GHS. Na zikiwa chupa ndogo zenye kuingia kwenye utaratibu wa kiasi kidogo, boksi halina hata almasi ya rangi: lina ile alama nyeupe yenye ncha nyeusi juu na chini, basi. Humo ndani panaweza kuwa na vimiminika vinavyowaka kwa joto la kawaida la chumba. Mtunza stoo akiliweka karibu na mashine ya kuchomelea kwa sababu "halina alama ya moto", sheria ya usafirishaji haikukosewa popote.

Samaki na mti, mchoro wa hatari kwa mazingira, ni mahali ambapo usafirishaji ulikuja kuiga GHS. Zamani vichafuzi vya bahari vilikuwa na pembetatu ya samaki aliyepigwa msalaba. Leo ni mchoro ule ule wa pande zote mbili, UN 3077 kwa yabisi na 3082 kwa vimiminika. Hata hivyo njiani zinahesabiwa ngazi kali tu, na vifungashio vya hadi lita 5 au kilo 5 vimesamehewa.

Nije kwenye kizingiti chenyewe, pale mzigo unapobadilisha dunia. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet, safari namba 592 kutoka Miami kwenda Atlanta, ilianguka kwenye vinamasi vya Everglades dakika chache baada ya kuruka. Watu wote 110 waliokuwemo walikufa. Kwenye sehemu ya mizigo kulikuwa na maboksi ya vitengeneza oksijeni vya kemikali vilivyotolewa kwenye ndege nyingine zilizokuwa zinafanyiwa matengenezo. Muda wake wa kutumika ulikuwa umepita. Kemikali ilikuwa bado imo ndani na vifuniko vya usalama havikuwekwa. Kikiwashwa, kifaa cha aina hiyo hutoa oksijeni na kupata joto kali. Kwenye karatasi ya mzigo vimeandikwa ni makopo ya oksijeni, na kwamba ni matupu.

Tazameni safari ya neno hilo. Kwa fundi karakanani, kilichopitwa na wakati hakina kazi tena. Kwa karani wa usafirishaji, kisicho na kazi ni kitupu. Kwa mpakiaji, kitupu ni mzigo wa kawaida, na kinaweza kukaa pamoja na matairi. Hakuna kati yao aliyekaa akauliza daraja. Swali la uainishaji lilikuwa la kuulizwa mlangoni mwa karakana, wakati kifaa kinatoka kwenye himaya ya usalama wa kazi kuingia kwenye himaya ya usafirishaji, na mlangoni hapakuwa na mtu mwenye kazi hiyo.

Jambo hilo hilo hutokea kila siku kwa sura ndogo kwenye mapipa matupu. Kanuni za usafirishaji ziko wazi: chombo kitupu kisichosafishwa kinabaki na lebo zake na kinatendewa kama kilichojaa, mpaka hatari iliyobaki iondolewe. Kiwandani watu hubandua lebo pipa likikauka, kisha anakuja fundi na grinda kulikata litumike kwa kazi nyingine. Mvuke uliobaki kwenye pipa la kiyeyushi kinachowaka hulipuka kwa urahisi kuliko lile lililojaa pomoni, kwa sababu lililojaa halina hewa ya kutosha ndani. Kwenye hili, sheria ya barabarani ina akili kuliko mazoea ya stoo, na ningependa stoo zote ziifuate ilivyo.

Neno kuhusu karatasi ya usalama. Ina sehemu 16, na watu huisoma kwa kazi yao: msafirishaji ya 14, daktari ya 11, zimamoto ya 5. Ninachowaomba ni kuisoma ya 2 na ya 14 kwa pamoja, huku kidole kiko kwenye ya 9 ambako namba za vipimo zimo. Joto la kumweka kwenye ya 9 ni 21, ya 2 inasema kategoria ya 2, na ya 14 inasema kundi III: hapo kuna jambo la kuuliza. Ya 2 ina fuvu na ya 14 haina kitu: ulizeni. Ya 2 ina kiwiliwili chenye nyota na ya 14 haina kitu: hapo hamna la kumuuliza mtengenezaji, mnapaswa kwenda kuangalia barakoa zenu. Na tazameni tarehe. Kanuni za usafirishaji hufuata matoleo mapya kwa mwendo wa kila miaka miwili. Sheria za kazini huenda kwa mwendo wake: Marekani ilioanisha kanuni yake ya kazini na toleo la tatu la GHS mwaka 2012, ikaja kuihuisha mwaka 2024 kwa kufuata zaidi toleo la saba. Kwa hiyo sehemu mbili za karatasi moja zinaweza kuwa zimetungwa kwa matoleo tofauti bila kosa la mtu.

Kabla sijakaa, nina swali lililoletwa kwa kikaratasi, na ni zuri kuliko hotuba yenyewe. Muulizaji anasema: mzigo ukishashushwa ghalani, haupo safarini na haujafunguliwa na mfanyakazi. Unafuata kanuni zipi?

Jibu fupi ni za kazini, na ghala nyingi huazima jedwali la kutenganisha mizigo kutoka usafirishaji kwa sababu ni zuri. Lakini uainishaji wote huu tuliouzungumzia, wa pande zote mbili, hautazami wingi. Kilo moja ya amonia nitrati na tani elfu mbili zina daraja moja, 5.1, kioksidishaji, na mchoro mmoja, mwali juu ya duara. Huko Beirut tani 2,750 zilishushwa kutoka melini zikawekwa kwenye ghala la bandari mwaka 2014, zikakaa mpaka tarehe 4 Agosti 2020. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kwa miaka yote hiyo mzigo haukuwa safarini, na hapakuwa na kiwanda cha kuutumia.

Kwa hiyo kwa ghala unahitaji familia ya tatu ya kanuni, ile inayouliza ni tani ngapi. Ulaya wanayo, maelekezo ya Seveso, yaliyopewa jina la mji wa Italia uliopatwa na ajali ya kemikali mwaka 1976. Toleo lake la sasa, la mwaka 2012, linachukua kategoria za GHS na kuzipa kila moja kiwango cha tani ambacho kikivukwa masharti yanakaza. Mahali pasipo na kanuni ya namna hiyo, msimamizi wa ghala anaweza kuanza kwa daftari: jina la bidhaa, daraja lake la njiani, kategoria zake za kazini, kiasi kilichopo leo, tarehe kilipoingia, na jina la mtu anayetakiwa kukiondoa. Safu ya mwisho ndiyo utakayoikuta haijajazwa. Anzeni na hiyo.